Tamasha nyanda za chai: Ulale hemani au garini?

IWAPO wewe ni mkazi wa Nairobi, Nakuru au Kisumu na unapanga kuhudhuria tamasha la muziki la usiku kucha huko Kericho au Bomet, bila shaka umekwisha kufikiria nauli, tikiti na marafiki utakaoandamana nao. Jambo ambalo wengi hulisahau mpaka giza liingie ni mahali pa kulaza ubavu.

Vyumba vya wageni katika miji midogo ya nyanda za chai hujaa mapema wakati wa sherehe. Hapo hubaki njia mbili: upige hema uwanjani, au ulale ndani ya gari. Wachache hukodi magari makubwa yaliyotiwa vitanda na jiko la gesi. Wengi hulaza tu viti vya Probox, au hujikunja katika matatu waliyokuja nayo.

Ubishi kuhusu njia hizi mbili aghalabu huwa juu ya bei na starehe. Hata hivyo, mwili wako una maswali yake: utavuta hewa gani usiku kucha? Baridi itakuingilia wapi? Radi ikipiga utakimbilia wapi? Yafaa uyajibu kabla hujaondoka nyumbani.

Mchana jua, usiku kipupwe

Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa kawaida joto hupungua kwa nyuzi kama sita kila unapopanda mita 1,000. Mkazi wa Kisumu, ambaye kwake ni karibu mita 1,000 chini, hupatwa na mshangao usiku wa kwanza.

Isitoshe, pepo zenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima hii, zikapoa na kugeuka mawingu. Ndiyo sababu mvua hunyesha hapa karibu mwaka mzima, hasa alasiri, na ndiyo sababu mchai hustawi. Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi.

Usidhani miezi isiyo na mvua ina nafuu. Desemba na Januari, mawingu yanapokosekana, joto la ardhi hupaa usiku na kupotea. Mnamo Januari 2012 jalidi, yaani umande ulioganda, iliunguza mashamba makubwa ya chai katika eneo hili. Ikiwa usiku waweza kukausha mchai, fikiria utakavyomtesa mtu aliyelala chini akiwa na fulana iliyolowa jasho la kucheza.

Hema: hewa safi, ardhi baridi

Hema lina faida moja kubwa kiafya: unanyoosha mwili wote. Damu huzunguka vizuri, mgongo hupumzika, na ukiacha matundu yake wazi unapata hewa ya kutosha.

Udhaifu wake uko chini na juu. Chini, ardhi hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa, hivyo blanketi tatu za kujifunika hazitakusaidia sana ikiwa huna kitu cha kutandika. Weka turubai, kisha maboksi yaliyokunjuliwa au godoro jembamba, ndipo ulale. Juu, hema la bei nafuu huvuja, nayo mvua ya mawe yaweza kulichana.

Usipige hema bondeni, hata kama pana nyasi laini. Hewa baridi ni nzito, nayo huteremka kujaa huko usiku, na maji ya mvua hufuata njia iyo hiyo. Katikati ya mteremko, mahali palipo tambarare, ni bora zaidi.

Kabla ya kulala, vua nguo zote zilizolowa. Vaa soksi kavu na kofia ya sufu. Wala usitegemee pombe ikupashe joto. Pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Unajihisi una joto, kumbe ndilo linalokutoka.

Gari: paa imara, miguu iliyokunjwa

Gari hukukinga na mvua, mawe na upepo, nawe waweza kufunga milango dhidi ya wezi. Gari lenye kitanda halisi lina faida hizo pamoja na ile ya kunyoosha mwili.

Lakini matatu haina kitanda. Mtu anayelala ameketi, magoti yamekunjwa kwa saa saba au nane, huamka miguu imevimba. Kwa baadhi ya watu, hasa wajawazito, wazee, wanene na waliofanyiwa upasuaji karibuni, damu yaweza kuganda katika mishipa ya miguu, na bonge hilo likisafiri hadi mapafuni huhatarisha maisha. Ukilazimika kulala hivyo, shuka utembee kila baada ya saa chache, na unywe maji ya kutosha.

Vilevile, watu watano wakipumua ndani ya gari lililofungwa kabisa, vioo hutiririka maji na hewa huwa nzito. Teremsha vioo viwili vya pande tofauti kwa upana wa vidole viwili.

Radi ikianza, gari ndilo kimbilio

Kuna jambo moja ambalo gari hulishinda hema pasipo ubishi. Nyanda hizi zinazopakana na Ziwa Victoria zina ngurumo nyingi. Kitambaa cha hema hakizuii radi hata kidogo, wala mti mrefu pembeni ya uwanja si kinga, ni hatari.

Gari lenye mwili wa chuma na paa la chuma huupitisha umeme kwa nje hadi ardhini. Watu wengi hudhani ni mipira ya magurudumu inayokinga, la hasha, ni lile ganda la chuma. Ingia, funga vioo, usiguse chuma, na ungoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Kwa hivyo hata ukichagua hema, ujue mapema ni gari la nani utakaloingia.

Muuaji asiye na harufu

Hatari kubwa kuliko zote haichagui hema wala gari. Ni ule moto unaouingiza ndani ili kujipasha joto.

Mambo huwa hivi. Nyama imechomwa na kuliwa, muziki umetulia, saa tisa za usiku baridi imezidi. Jiko la makaa limebaki na makaa mekundu yaliyofunikwa na majivu meupe. Halitoi moshi tena, basi mtu hulichukua akaliweka kwenye mlango wa hema, kisha ndani, kisha akafunga zipu.

Makaa hayo yasiyo na moshi hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu wala haiwashi macho. Ikiingia mapafuni hushikana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu huendelea kuzunguka lakini haibebi tena hewa ya uhai. Ubongo na moyo huanza kukosa oksijeni ilhali mtu anaota ndoto zake. Katika milima hii, ambako oksijeni katika hewa ni kidogo kuliko pwani, nafasi ya kuponea huzidi kuwa finyu.

Gari nalo lina mtego wake. Dereva huacha injini ikinguruma ili hita ifanye kazi. Bomba la moshi likiwa limetoboka au limezibwa na matope na nyasi, gesi ile ile hupenya hadi ndani. Jiko la gesi katika gari lenye vitanda ni la kupikia milango ikiwa wazi, si la kuotea moto. Na kama hema au gari lako liko karibu na jenereta ya wachuuzi au ya jukwaa, hamia mbali, upande ambao upepo hauleti moshi wake.

Dalili ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Tamashani ni rahisi kuzidhania kuwa ulevi. Lakini watu wawili au watatu mliolala pamoja mkiumwa na kichwa kwa wakati mmoja, tokeni nje mara moja.

Mkimkuta mwenzenu hazinduki, mtoeni kwenye hewa safi kwanza, kisha mkimbizeni hospitalini. Msipoteze wakati kumnywesha maziwa, kwani sumu hii haiko tumboni, iko katika damu. Hospitali humpa oksijeni tupu, ambayo huiondoa gesi hiyo mwilini haraka mara kadhaa kuliko hewa ya kawaida. Mjini Kericho kuna hospitali ya rufaa ya kaunti. Njiani kuelekea Bomet kuna Litein na Kapkatet. Na huko Bomet kuna Tenwek na Longisa. Ujue iliyo karibu nawe kabla ya muziki kuanza.

Mbu wa milimani

Wengi huamini kuwa mahali penye baridi hapana malaria. Katika miaka ya 1990 nyanda za juu za Kericho zilikumbwa na milipuko mikali ya malaria, na wakazi waliumia sana kwa kuwa miili yao haikuwa imezoea ugonjwa huo. Mtu wa Nairobi yuko katika hali iyo hiyo.

Hakikisha zipu na wavu wa hema ni nzima. Kwenye gari, funika mwanya wa kioo kwa kipande cha neti. Ukipata homa wiki moja au mbili baada ya kurudi, mwambie daktari ulikokwenda, nawe upimwe.

Basi uchague nini?

Kijana mwenye afya, mwenye kitandiko kizuri na nguo kavu, atalala salama hemani, tena vizuri kuliko kwenye kiti cha matatu. Watoto wadogo, wazee na wenye ugonjwa wa pumu wanafaa kulala garini iwapo kuna nafasi ya kujinyoosha. Unyevu wa hema na baridi ya alfajiri vyaweza kuamsha pumu. Mwenye pumu aweke dawa yake ya kuvuta mfukoni, si ndani ya mkoba ulioachwa kwingine. Mjamzito achague mahali atakapolala kwa ubavu, tena karibu na choo. Kama hakuna pa namna hiyo, ni afadhali asikeshe.

Popote utakapolala, pawe mbali na barabara kuu. Tarehe 30 Juni 2023, lori lililopoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani liliwaua zaidi ya watu 50, wengi wao wakiwa kando ya barabara.

Na yule atakayeshika usukani asubuhi ndiye apewe pahali pazuri kuliko wote, hata kama hema si lake. Usingizi wake ndio utakaowarudisha nyumbani. Jiko nalo libaki nje, limwagiwe maji mpaka lizime kabisa.