Hasira ya Mtoto Haina Kipindi Chake

Makoongwe ni kisiwa kidogo kinachotazamana na bandari ya Mkoani, kusini mwa Pemba. Ukitaka kwenda hospitali kubwa ya Abdalla Mzee, lazima upande chombo. Mtoto anayelelewa mahali kama hapo huyajua mapema mambo ambayo vitabu vya ualimu huyaeleza kwa kurasa nyingi. Mtumbwini hainuki mtu kwa ghadhabu hata akichokozwa, anayefua maji na anayepiga kasia wanategemeana, na nahodha akisema turudi, ubishi unangoja mpaka pwani.

Mambo hayo wataalamu huyaita stadi za kijamii na kihisia: kujitambua, kujizuia, kuwaelewa wengine, kuishi nao vizuri na kuamua kwa busara. Katika skuli zetu zimezoeleka zaidi kwa jina la stadi za maisha. Faida yake imepimwa. Mwaka 2011 ulichapishwa uchambuzi wa programu 213 za skuli, nyingi zikiwa za Marekani, zenye wanafunzi zaidi ya 270,000. Mtoto wa katikati kimasomo, anayewapita wenzake 50 katika kila 100, baada ya mafunzo hayo angewapita 61. Kwa hiyo anayesema mambo haya yanapoteza muda wa hesabu na Kiingereza ana kazi ya kujibu takwimu hizo.

Lakini msomaji asikimbilie kudai kipindi kipya kwenye ratiba. Uingereza walijaribu. Katika skuli 85, wanafunzi zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 14 walihusishwa katika utafiti wa masomo ya kutulia na kuchunguza fikra zao. Matokeo yaliyotoka mwaka 2022 yalionyesha kwamba waliofundishwa hawakuwa na afya bora ya akili kuliko wale walioendelea na utaratibu wa kawaida wa skuli zao. Wengi hawakufanya hata mazoezi waliyopewa nyumbani. Binafsi sikushangaa. Mtoto hawezi kufundishwa utulivu saa tatu na mwalimu ambaye saa nne atamwita mjinga mbele ya darasa zima.

Hapo ndipo mzigo ulipo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania, uliohusisha na Zanzibar, ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana waliwahi kupigwa au kuumizwa mwili kabla ya kufika miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 inayomkinga mtoto na adhabu za kikatili na za kudhalilisha. Bakora nayo inafundisha stadi ya kihisia, tena haraka sana: kuficha. Mtoto anayechapwa akikosea hujifunza kutokamatwa, na anayechekwa akilia hujifunza kutosema linalomsibu.

Tukubali kwamba nyumbani nako tuna la kujitazama. Mradi wa ALiVE, uliofanyika Tanzania, Kenya na Uganda, uliwapima vijana wa miaka 13 hadi 17 kwa kuwapa mifano ya maisha na kuwasikiliza. Ulipima kujitambua, ushirikiano, utatuzi wa matatizo, na heshima pia. Nimefurahi kuiona heshima humo, maana ni mali yetu. Ila sisi watu wazima mara nyingi tunaipima kwa ukimya: mtoto mwenye adabu ni asiyejibu. Anayenyamaza anaweza kuwa na heshima, na anaweza kuwa na hofu. Mwalimu anapaswa kujua tofauti.

Ataijuaje? Chukua mtoto ambaye baba yake yuko dago, huko kambi ya uvuvi, kwa wiki kadhaa. Bamvua likiwadia, mtoto hushinda pwani na mama yake, na kesho yake anasinzia darasani au anampiga mwenzake kwenye nage kwa sababu isiyoeleweka. Mwalimu aliyezoea kuuliza "nani kaanza?" atapata mkosaji. Akimwita pembeni na kuuliza "kumetokea nini?", huenda akapata habari. Swali hilo halihitaji kitabu wala bajeti, ingawa katika darasa lenye msongamano linahitaji subira kubwa, na hatuwezi kujifanya msongamano haupo.

Mwalimu anayevuka kutoka Mkoani asubuhi na kurudi jioni yuko nyuma hapa. Hajui nani yuko dago na nani kafiwa. Mpango wa skuli za awali za Madrasa, ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 na kufika Zanzibar mwaka 1990, ulililenga jambo hili kwa kuwafunza ualimu wanawake wa jamii ileile. Na walimu hubadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka skuli za sekondari za Tanzania ulionyesha kuwa mafunzo ya wiki isiyotimia yalipunguza matumizi ya nguvu na matusi ya walimu kwa wanafunzi.

Kwa hiyo kamati za skuli za Makoongwe na visiwa jirani zisingoje mtaala mpya. Ziombe mafunzo ya namna hiyo kwa walimu, ziwape walimu wageni wenyeji wa kuwaeleza hali za familia, na kikao kijacho cha wazazi kianze na ajenda ya bakora.