Mama Makinda na miaka 40 ya mjengoni

Mbunge anayestaafu Dodoma huagwa kwa mtindo unaojulikana. Mwenzake husimama, humshukuru Mwenyezi Mungu kwa uzima, humshukuru Spika kwa kumpa nafasi, kisha familia yake, kisha wapiga kura wa jimboni. Akifika kwa anayeagwa, muda umekwisha. Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, huhifadhi yote hayo: meza zikigongwa, huandikwa "(Makofi)" kwenye mabano, na dakika za msemaji zikiisha huelezwa kwamba kengele imelia. Ukizisoma sifa hizo baada ya miaka kadhaa, utaona nyingi zinafanana. Mchapakazi, mnyenyekevu, hazina ya taifa, mama yetu, mzee wetu. Badilisha jina tu, hotuba itamfaa mwingine.

Anne Semamba Makinda anahitaji hotuba ya aina nyingine. Mwaka 2015, alipoamua kutogombea tena, ilikuwa imetimia miaka 40 tangu aapishwe kuwa mbunge. Mitano ya mwisho alikuwa Spika, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho Tanzania.

Aliingia mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 26, kupitia nafasi za vijana. Bunge lilikuwa likikutana katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, chini ya Spika Adam Sapi Mkwawa. Nchi ilikuwa ya chama kimoja kila upande wa Muungano, TANU Bara na ASP Zanzibar. CCM ingezaliwa Februari 1977. Njombe kwao ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa. Wakati anaaga, Bunge lilikuwa limehamia Dodoma, vyama vingi vilikuwa vimerudi tangu 1992, na Njombe ilikuwa na mkuu wa mkoa wake. Katika kipindi hicho alipata kuwa waziri, kisha mbunge wa Njombe Kusini.

Unaibu Spika aliupata mwaka 2005, chini ya Samuel Sitta na Bunge lake la "kasi na viwango". Ndilo Bunge lililounda kamati teule ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza mkataba wa umeme wa Richmond, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Miaka miwili baadaye CCM iliamua zamu ya uspika iende kwa wanawake, na Sitta akabaki nje. Wapo waliosema Makinda amewekwa ili kulipoza Bunge. Alikalia kiti akiwa na tuhuma hiyo mgongoni, na mbele yake kulikuwa na kambi ya upinzani iliyoongozwa na Freeman Mbowe, yenye watu kama Tundu Lissu ambao kanuni walizijua kwa vifungu.

Jaribio moja lilikuja Aprili 2012. Mbunge wa upinzani Zitto Kabwe alizungusha karatasi za saini kutaka kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda, baada ya ripoti za ukaguzi kuwaumbua mawaziri kadhaa. Saini zilipatikana, hata wabunge wa CCM wakiwamo. Makinda alirejea Katiba: Ibara ya 53A inataka taarifa imfikie Spika siku 14 kabla, na mkutano ule ulikuwa unaelekea ukingoni. Hoja haikuingia. Wapinzani waliona wamezungukwa, ingawa kifungu alichokisoma kipo. Mwezi uliofuata Rais Jakaya Kikwete alipangua Baraza la Mawaziri.

Novemba 2014 ilikuwa zamu ya sakata la Escrow. David Kafulila wa NCCR-Mageuzi alikuwa amelivalia njuga suala la mabilioni ya Akaunti ya Tegeta Escrow yaliyochotwa Benki Kuu, yakitajwa kufika Sh306 bilioni. Kamati ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto, ilileta ripoti yake, na kulikuwa na jitihada za kuuzuia mjadala kwa njia ya mahakama. Makinda aliacha mjadala uendelee. Bunge likafikia maazimio yaliyogusa vigogo wa serikali ya chama chake: Desemba Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu na Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa uwaziri, Januari 2015 Profesa Sospeter Muhongo naye akajiuzulu. Kwa walioamini kazi yake ni kulipoza Bunge, wiki ya mjadala ule iliwapa shida kuieleza.

Lakini hotuba ya heshima haiwezi kuishia hapo. Julai 2015, siku chache kabla ya Bunge la 10 kuvunjwa, serikali ilileta kwa hati ya dharura miswada mitatu ya mafuta, gesi na uwazi katika madini. Wapinzani walipinga haraka hiyo, ukumbi ukachafuka kwa kelele, baadhi yao wakaadhibiwa, na miswada ikapita bila wao. Sheria za rasilimali ambazo nchi ingeishi nazo kwa miongo zilipitishwa na upande mmoja, na aliyekuwa kwenye kiti ni Makinda. Anayemuaga bila kulitaja hilo atakuwa anamuaga mtu mwingine.

Matukio hayo matatu yakiwekwa pamoja, anaonekana Spika aliyeshika kanuni kwa nguvu zaidi kuliko alivyowashika watu. Kanuni ziliponufaisha upinzani, kama kwenye Escrow, alisimama nazo. Ziliponufaisha serikali, alisimama nazo vilevile, na hapo ndipo wenzake wa upande wa pili walipomchukia. Sifa hiyo ina uchungu ndani yake, ila haiwezi kuhamishiwa kwa mbunge mwingine yeyote.

Kustaafu kwenyewe hakukumpeleka Njombe kupumzika. Aliongoza bodi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kisha akawa Kamisaa wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, iliyohesabu watu 61,741,120. Kule Dodoma, njia aliyopita, ya kutoka unaibu hadi uspika, ikawa desturi. Marehemu Job Ndugai alikuwa naibu wake kabla ya kumrithi mwaka 2015, Dk. Tulia Ackson alikuwa naibu wa Ndugai kabla ya kuwa mwanamke wa pili kushika uspika, Februari 2022; na Mussa Azzan Zungu, aliyechaguliwa Spika Novemba 2025, alikuwa naibu wa Tulia.