Muziki na Mtoto (3): Mganda Nao Ulikuwa Darasa

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, mjini Dodoma Februari 1, 2025, wasomaji wa Maguu na Mbinga wananiuliza swali moja: hilo somo la Sanaa na Michezo litafundishiwa nini, ikiwa shule haina hata kinanda? Jinsi mapigo yanavyolinoa sikio la mtoto kabla hajajua herufi nilikwisha kueleza, sirudii. Leo mniwie radhi, nina hamu ya kuzungumzia mganda, ngoma yetu ya Umatengo.

Mganda haukuota kwenye ngolo, mashimo yetu ya kilimo, pamoja na maharage yetu. Ni mjukuu wa beni, ngoma iliyozaliwa mwambao, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, vijana walipoanza kuigiza bendi za kijeshi. Vita Kuu ya Kwanza ikaisukuma bara. Na vita hiyo ilibisha hodi kwetu mapema: Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani pale Sphinxhafen, ndiyo Liuli ya leo, nahodha wa Kijerumani akiwa hana hata habari kwamba vita imeanza! Askari na wapagazi waliosalimika walirudi makwao na gwaride miguuni. Tarumbeta hawakuwa nazo. Wakachukua kibuyu, wakakitoboa, tundu wakaliziba kwa utando wa buibui, wakaimbia ndani, na sauti ikatoka kama ya shaba. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, Malawi, jamaa zetu ngoma hiyo wanaiita malipenga.

Sasa mtazame mtoto aliye pembeni ya uwanja, mavuno yakiwa yamekwisha. Mbele yake kuna mistari ya wanaume waliovaa nadhifu, na ngoma kubwa inayosema lini waanze na lini wasimame. Mtoto anahesabu hatua bila kuambiwa hesabu. Anajizuia mguu usitangulie, na kujizuia huko ni kazi nzito kwa kichwa kichanga. Akirudi nyumbani anawakusanya wenzake na debe bovu. Nasi tulifanya hivyo, tukafukuzwa na debe letu.

Mwaka 2010 Sebastian Kirschner na Michael Tomasello, wa Leipzig, Ujerumani, waliandika juu ya watoto wa miaka minne: waliocheza pamoja kwa wimbo na mapigo walisaidiana zaidi baadaye kuliko waliocheza mchezo wa aina hiyo bila muziki. Linganisheni na ile habari kwamba kusikiliza muziki wa Mozart huongeza akili, inayowafanya wazazi wa mjini wamnunulie kichanga santuri. Jaribio lenyewe, la 1993, lilifanywa kwa wanafunzi 36 wa chuo kikuu, na faida iliyoonekana ilidumu dakika kama 10 hadi 15. Kichanga hakuwamo! Lakini cha mbali hununuliwa, cha nyumbani huonewa haya. Mwalimu Nyerere alilalamikia jambo hilo hilo mwaka 1962, alipounda wizara ya utamaduni: tunajua rumba na chachacha, gombe sugu hatuijui.

Stephen Hill, aliyeuchunguza mchezo huu Umatengo, aliipa sura yake katika kitabu Mashindano! cha mwaka 2000 jina la “Mchezo Umelala”. Umelala, si umekufa, na nani aliyeubembeleza kama si sisi wenye kahawa na redio?

Nafasi inaniishia, na swali la kinanda bado linasubiri. Walimu, mwiteni mpiga ngoma wa kijiji, mara moja kwa wiki yatosha. Anzeni na Darasa la Tatu, watoto ishirini, mistari minne, ngoma moja. Wapigieni mapigo manne, waambieni wanyamaze manne mengine huku wakihesabu kimoyomoyo, kisha waingie pamoja. Atakayeingia kabla ya wenzake asichapwe. Wimbo urudiwe tangu mwanzo. Vibuyu viokotwe shambani, na buibui hatozi ada.

Juma lijalo: kioda, na kwa nini wasichana walipewa ngoma yao.