Namna ya Kuuliza Hubadili Alama za Sonona

Dodoso la PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001 na Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams, lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kukosa raha, hadi mawazo ya kufa. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, na anayefikisha 10 kwa kawaida huchunguzwa zaidi kama ana sonona. Lilitungwa ili mgonjwa alijaze mwenyewe. Katika vituo vingi vya afya, hata hivyo, muuguzi ndiye anayesoma maswali na kuweka tiki, na hapo alama huweza kubadilika ingawa maswali ni yale yale.

Sababu kubwa ni kuona haya. Kukosa usingizi hutajwa bila taabu. Kujiona hufai mbele ya familia yako hakusemeki kwa urahisi, hasa muuguzi akiwa jirani wa mtaani au mama mkwe akiwa ameketi pembeni. Mwaka 1998 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Marekani kuhusu vijana wa kiume na tabia ambazo jamii huzilaani. Waliosikiliza maswali kwa spika za masikioni na kujibu kwenye kompyuta walikiri mengi zaidi kuliko waliojaza karatasi. Faragha hulegeza ulimi.

Swali la 9 ndilo linaloumia zaidi. Kwa maneno yake kamili, huuliza ni mara ngapi mtu amesumbuliwa na mawazo kwamba heri afe, au ya kujidhuru. Foleni ikiwa ndefu, muuguzi hulifupisha: “Huna mawazo ya kujiua, eti?” Mgonjwa hutikisa kichwa, na 0 inaandikwa. Swali la namna hiyo limeshajijibu lenyewe, na mtu aliye hatarini anarudi nyumbani bila msaada. Kulisoma neno kwa neno, pamoja na machaguo yote 4, huchukua nusu dakika tu. Machaguo nayo yana mtego wake: yanaposikika, watu huelemea la mwisho; yanaposomwa kwa macho, huelemea la kwanza.

Karatasi haina huruma kwa asiyejua kusoma au aliyesahau miwani. Maswali hurukwa, na wengine huweka tiki safu moja kuanzia juu hadi chini. La kutisha zaidi ni karatasi yenye tiki kwenye swali la 9 kuingia kwenye faili bila kusomwa siku hiyo hiyo. Muuguzi aliyefunzwa vizuri huona machozi, husikia sauti ikikwama, na huweza kumwita daktari papo hapo. Kwa simu, faragha hutegemea nani yuko karibu na mgonjwa, kwa hiyo hilo huulizwa kwanza.

Mgonjwa aliyejijazia akapata 14, kisha mwezi uliofuata akaulizwa na muuguzi akapata 9, huenda amepata nafuu, huenda ameona haya. Daktari hawezi kujua iwapo faili lina alama peke yake. Pembeni mwa jumla panapaswa kuandikwa nani alisoma maswali, kwa lugha gani, na nani mwingine alikuwemo chumbani.