Siku ya Mapumziko Gasenyi: Askari Naye ni Mgeni

Askari aliyepata ruhusa ya siku moja mjini Bujumbura huenda akajiuliza aitumie wapi. Hoteli za ufukweni ni nzuri, lakini mshahara wa mwezi haukuwekwa kwa ajili ya mlo mmoja. Tugeuze basi macho upande wa pili, kwenye vilima.

Gasenyi, pembezoni mwa jiji upande wa kaskazini, si mji wa watalii. Jina lake lilisikika mbali mwaka 2019, ilipokabidhiwa kwa Serikali Ikulu ya Ntare Rushatsi, iliyojengwa kwa msaada wa China. Jengo hilo litazamwe kwa mbali, na picha zisipigwe. Msomaji wa ukurasa huu hahitaji kuelezwa sababu. Mgeni atafurahi zaidi akiyapa kisogo majengo na kutazama magharibi, ambako Ziwa Tanganyika limelala bondeni na milima ya Kongo imesimama ng'ambo yake. Saa za asubuhi na baada ya mvua ndizo bora, kwani wakati wa kiangazi vumbi na moshi huificha milima hiyo.

Tuje kwenye chakula. Katika sehemu za namna hii usitafute orodha ya vyakula iliyopigwa chapa. Uliza kilichopo jikoni. Mara nyingi utajibiwa maharage yaliyoungwa kwa mawese, ndizi za kupika, ugali wa muhogo, lengalenga au sombe. Penye makaa pana mishikaki ya mbuzi, ambayo wenyeji huiita brosheti, pamoja na ndizi ya kuchoma. Ziwa nalo hutoa ndagala, sangala na mukeke. Huyo wa mwisho haishi katika ziwa jingine lolote duniani, hivyo ni haki ya mgeni kumwonja. Uliza bei kabla samaki hajawekwa motoni, kisha uwe na subira. Anayependa pilau, chapati na chai ya maziwa atelemke hadi Buyenzi, mtaa wa zamani wa Waswahili wa Bujumbura.

Mwenye siku nzima na apande Barabara ya Taifa nambari 1, iendayo Kayanza na mpaka wa Rwanda. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukifika Bugarama, safari isiyozidi kilometa 40, umekwisha kupita mita 2,000, na koti lahitajika. Hapo huuzwa karoti, kabichi, viazi na matunda kando ya njia. Njiani utawaona vijana wa baiskeli wakishika nyuma ya malori ili wavutwe mlimani. Ni jambo la kustaajabisha kwa mgeni na la kuhuzunisha kwa polisi wa barabarani, kwani wengi wamevunjika humo.

Barabara hiyo ina historia ambayo haifai kusahauliwa. Tarehe 28 Agosti 2000 Mkataba wa Arusha ulitiwa sahihi. Miezi minne baadaye, tarehe 28 Desemba, basi la Titanic Express lililotoka Kigali lilivamiwa katika vilima vya karibu na Bujumbura, na watu 21 wakauawa. Sahihi ilikuwa imekauka. Njia ilikuwa bado ya damu. Kundi kubwa la mwisho la waasi wa vita hivyo liliweka silaha chini mwaka 2009. Anayesimama leo Bugarama kununua karoti anafanya jambo ambalo wakati ule lingeweza kumgharimu maisha.

Upande wa kusini, kilometa kama 12 kutoka jijini, kuna jiwe la Mugere, lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wengine hudhani ndipo walipokutana mara ya kwanza. Sivyo, walikutana Ujiji, Tanzania, mapema mwezi huo, na Mugere walilala tu walipokuwa wakilichunguza ziwa. Upande wa magharibi iko Hifadhi ya Rusizi, yenye viboko na mamba. Kwa kuwa ni jirani na mpaka wa Kongo, ulizia kwanza hali ya njia, wala usisogelee maji bila kiongozi.

Limebaki neno moja kwa wenzetu wa sare. Mwenye kibanda humtambua askari hata akivaa shati la kiraia. Akila akaondoka bila kulipa, au akilipa nusu, mama yule hatapiga kelele. Atanyamaza, na kesho atafunga mapema aonapo gari la jeshi. Lakini askari anayesalimu kwa kusema "Amahoro", akauliza bei, akalipa kamili na kusema "Murakoze", huacha nyuma yake mlango ulio wazi. Siku mama huyo atakapoona mtu asiyemwelewa akizunguka kilimani usiku, atajua ni nani wa kumwendea.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Gasenyi mwenyeji hupona kwa sahani iliyolipiwa.