Asili ya Neno "Mbwa" kwa Wameru

Mtu wa Pwani akimsikia Mmeru akisema kwamba babu zake walitoka Mbwa, pengine atacheka, akidhani kuwa ametajiwa mnyama alindaye nyumba. Lakini katika Kimeru cha kale neno hilo, ambalo wengine hulitamka Mbwaa, ni jina la kisiwa. Huko, wasema wazee, Wameru walitawaliwa kwa ukali na watu walioitwa Nguo Ntune, maana yake Nguo Nyekundu.

Mabwana hao waliwapa amri ngumu. Walitaka kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Wameru wakakikata katika ngozi ining'iniayo shingoni mwa ng'ombe. Walipodaiwa mkuki wa kufika mbinguni, waliona hakuna njia ila kutoroka. Kiongozi wao, Koomenjwe, akayapiga maji kwa fimbo, yakagawanyika. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, yaani weusi. Wa alfajiri Ntune, wekundu. Na wa mchana Njeru, weupe. Koo za Wameru hujulikana kwa majina hayo.

Je, Mbwa ni wapi? Bernardo Bernardi, mmisionari wa Consolata, alieleza masimulizi hayo katika kitabu chake juu ya Mugwe, kilichotoka mwaka 1959. Baadaye Mmarekani Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wa Meru, alisema kuwa ni katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Huko mlango wa Mkanda, utenganishao kisiwa na bara, ni mwembamba, na zamani maji yakipwa vyombo vilikuwa vikikwama.

Wako wanaosema kwamba habari hii imetokana na Musa na Bahari ya Shamu. Lakini Waembu nao walifundishwa habari za Musa, na hata hivyo husimulia kwamba wametokana na Mwenendega, ambaye msitu wake uko karibu na Runyenjes. Tena majina ya Njiru, Ntune na Njeru hayamo katika Biblia.

Basi tusikate shauri kwa kufanana kwa sauti tu, kama vile kusema Mbwa ni "pwani". Tuwaulize wazee, tuandike maneno yao pamoja na ukoo na kijiji cha kila msemaji. Mzee akifa kabla ya kuulizwa, ushahidi wake huzikwa pamoja naye.