Leseni ya Baba, Daftari la Mama

Mlolongo si mahali pa kutafutia makaburi ya mababu. Mji ulikua kando ya foleni ya malori yaliyongoja kupimwa uzito kwenye mizani ya Barabara ya Mombasa, katika nyika ya Athi ambako zamani walowezi walifuga ng'ombe. Karibu kila aliyefungua biashara hapo alitoka kwingine: Kangundo, Mbooni, Kitui, Murang'a, Kisii. Makaburi yalibaki mashambani, na wazee wa ukoo pia. Lakini wajukuu waliozaliwa Mlolongo sasa ni watu wazima, na anayeuliza familia ilifikaje hapa mara nyingi huelekezwa kwenye duka la rejareja, lile la kona, lenye dirisha la nondo na mizani ndogo ya kupimia sukari.

Wenye maduka wa asili ya Kihindi wametutangulia katika kazi hii ya kusoma historia ya familia kupitia duka. Mfanyabiashara Allidina Visram aliifuata reli kutoka Mombasa akifungua maduka njiani, na wengi waliokuja nyuma yake walichora jina na mwaka juu ya jengo. Maandishi hayo bado yanasomeka katika miji kadhaa ya Kenya. Mwaka 1996 mwandishi Cynthia Salvadori alichapisha masimulizi ya familia hizo katika juzuu tatu, We Came in Dhows. Duka la Mwafrika lilikuja baadaye na kwa tabu zaidi. Askari waliorudi kutoka Vita Vikuu vya Pili walitia kiinua mgongo chao katika maduka ya masoko ya vijijini, na mengi yakafungwa upesi. Waliofika Mlolongo miaka mingi baadaye walipanga chumba cha mabati, na ukutani pakapakwa rangi tangazo la sabuni au sigara. Mjukuu anayetafuta jina la babu yake hapo atajua walau kwamba babu aliuza Omo.

Kwa hiyo mtu huanza na leseni. Sheria ya Leseni za Biashara ya 1967 ilikusudiwa kuwapa raia nafasi katika biashara iliyokuwa mikononi mwa wasio raia, ikaifanya karatasi ile ya ukutani kuwa kitu cha kutunzwa. Mlolongo baadaye ukawa chini ya Baraza la Manispaa la Mavoko, hadi mabaraza yalipoondolewa 2013 na vibali vikawa kazi ya Kaunti ya Machakos. Leseni hutaja mwenye biashara, aina ya biashara, mahali na ada. Ni ushahidi mzuri wa jambo moja tu: nani alilipa ada.

Aliyelipa mara nyingi alikuwa baba, na baba mara nyingi hakuwepo dukani. Alikuwa kazini kwenye kiwanda cha saruji au cha nyama kule Athi River, au kwenye usukani kati ya Mombasa na Malaba. Nyuma ya kaunta alikuwa mama. Serikali ilimtambua mama siku ya msiba. Fungua Gazeti Rasmi la Kenya, ambalo matoleo yake tangu 1899 yanaweza kusomwa mtandaoni, utazame matangazo ya mirathi: jina la marehemu, alikofia, tarehe, kisha jina la anayeomba kusimamia mali, na siku 30 za kupinga. Hapo mwanamke aliyeuza unga miaka ishirini huingia katika kumbukumbu za taifa kwa cheo cha mjane.

Kazi yake yenyewe imeandikwa kwenye daftari la madeni, na ndilo ningelitafuta kwanza. Ni daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, na halina anwani wala muhuri. Limejaa majina kama Mama Mwende, Baba Kevo, fundi wa tairi, dereva wa lori fulani. Huo unaoonekana kuwa uzembe una faida yake. Dereva aliyeandikwa kwa nambari ya gari anakupa makadirio ya mwaka, kwa sababu nambari zenye herufi ya mwisho baada ya tarakimu zilianza mwishoni mwa miaka ya 1980. Ukipata na picha iliyopigwa dukani, tazama rais aliyetundikwa ukutani: Jomo Kenyatta hadi 1978, Moi hadi 2002, Kibaki hadi 2013. Picha hizo hazikuwekwa kwa ajili ya wanahistoria, lakini zimewafaa.

Zaidi ya miaka, daftari linaonyesha nani aliaminiwa. Katika mji wa wapita njia, anayekopeshwa unga bila rehani ni jamaa, mwenzako wa kanisani, au mtu wa kijiji chenu. Ukiuliza kila jina lilitoka wapi, orodha ya wadeni inakuwa ramani ya waliofuatana kuja Mlolongo. Ramani hiyo ina mapengo: waliolipa taslimu hawamo, na aliyemaliza deni amefutwa kwa mstari mmoja mzito. Tangu M-Pesa ianze 2007 sehemu ya hesabu hizo imehamia kwenye simu, na simu huibwa.

Wengine watasema karatasi za ploti zinatosha. Zinatosha, hapa Mavoko? Oktoba 2023 nyumba zilibomolewa kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland, na baadhi ya wenyewe walikuwa na karatasi mkononi. Nao ukingo wa barabara umebadilika tangu Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ifunguliwe 2022. Wapo wazee wasioweza tena kuonyesha kwa kidole duka lao lilisimama wapi.

Kama mama au nyanya yako aliuza dukani Mlolongo na bado yu hai, litafute daftari kabla kurasa hazijafungiwa njugu. Kaa naye mlisome jina kwa jina, uandike kila mmoja alikuwa nani, alitoka wapi na alijuana naye vipi. Leseni inaweza kungoja. Serikali ina nakala, au iliwahi kuwa nayo.